Mwongozo kamili: kung'arisha mvinyo wa nyumbani kwa unga wa kuchujia

Swali ninaloletewa ni lilelile, linabadilisha mtaa wa Dar tu. Wa Tegeta amechuja mvinyo wa nanasi mara nne kwa kitambaa. Wa Mbagala ametumia pamba. Wa Kinyerezi amenunua unga wa kuchujia, akaumimina wote ndani ya dumu na kukoroga kama anasonga uji. Wote watatu wanatuma picha moja: glasi yenye kinywaji cha rangi ya maji ya mchele, na chini yake maneno "nimekosea wapi?"

Wengi mmekosea kabla hamjagusa kichujio. Unga wa kuchujia hauli uchafu. Kazi yake ni kutandikwa juu ya kitambaa ukawa tabaka lenye vinjia vyembamba, na tabaka hilo ndilo linalochuja. Chembe ya hamira ina upana wa mikromita (sehemu ya elfu ya milimita) 5 hadi 10, na bakteria ni ndogo kuliko hapo. Tundu la kitambaa cha kawaida mara nyingi huzidi mikromita 100. Kuchuja hamira kwa kitambaa kitupu ni kuzuia dagaa kwa goli la mpira, hata ukirudia mara kumi.

Mfano wangu humu ni lita 20 za mvinyo wa nanasi, kwa sababu ndio mnaotengeneza wengi, hasa msimu mananasi ya Kiwangwa yanapojaa Mabibo na Buguruni. Wenye rozela, ndizi, zabibu za Dodoma na mabibo (matunda ya mkorosho) nina neno nanyi mbele kidogo.

Andaa hivi kwanza

Usianze huku kimoja kinakosekana. Ukishaanza kuchuja hutaweza kusimama.

- Unga wa kuchujia, gramu 80. Uwe daiatomaiti au perlaiti ya daraja la chakula, wa ukubwa wa kati. Daiatomaiti ni magamba ya viumbe vidogo vya majini yaliyosagwa. Perlaiti ni kioo cha volkano kilichopashwa moto kikafura. Perlaiti ni nyepesi zaidi, kwa hiyo uzito mdogo hutoa tabaka la unene uleule.
- Bentonaiti ya mvinyo (aina ya udongo wa mfinyanzi), gramu 30.
- Kimeng'enya cha pektini (kinachovunja pektini, ute wa matunda), na jelatini isiyo na ladha. Jeli ya watoto ya pakiti ina sukari, rangi na harufu ya stroberi. Kuna aliyeitumia, akapata mvinyo wa waridi ulioanza kuchachuka upya.
- Potasiamu metabisalfaiti (kihifadhi cha mvinyo), gramu 5.
- Haidromita (kipimo cha uzito wa kimiminika kikilinganishwa na maji) na mizani ndogo ya kupima hadi desimali ya gramu.
- Bomba za sindano za mililita 10 kutoka duka la dawa (bila sindano), spiriti, na iodini ya vidonda.
- Ndoo mbili za plastiki ya chakula: moja ya lita 10 yenye kitako bapa, nyingine ya lita 20 au zaidi yenye bomba chini na mfuniko.
- Wavu wa stenlesi wa kutosha kitako cha ndoo ndogo, kitambaa cha marekani, na mpira wa maji wa inchi moja, sentimita 75 hivi.
- Mpira mwembamba msafi wa kuhamishia mvinyo.
- Barakoa ya vumbi. Siyo ile ya kitambaa iliyobaki tangu korona.
- Maji baridi yaliyochemshwa au ya chupa, lita 10.

Maonyo mawili kuhusu unga. Daiatomaiti ya mabwawa ya kuogelea haifai. Haikusafishwa kwa ajili ya chakula, inaweza kuacha chuma kwenye mvinyo, na mara nyingi imechomwa kiasi cha kuwa na silika ya fuwele nyingi. Muuzaji akikwambia "ni kitu kilekile tu", mwache nayo. La pili ni vumbi lake. Hata wa chakula, ukiuvuta puani miaka kwa miaka, unaharibu mapafu. Vaa barakoa tangu unapofungua mfuko, mimina karibu na maji, zima feni. Ukishalowa hauna tena hatari hiyo.

Na maji ya kisima je? Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi huizuia bentonaiti kuvimba. Tumia maji ya chupa. Mabunda mengi ya bentonaiti "mbovu" niliyoletewa yalikuwa mazima, maji ndiyo yaliyokuwa na kasoro.

Hatua ya 1: Hakikisha umeacha kuchachuka

Pima kwa haidromita leo, pima tena baada ya siku tatu. Namba iwe ileile, na kwa mvinyo mkavu (usiobaki na sukari) iwe chini ya 1.000, kwa kawaida kati ya 0.990 na 0.998.

Hamira hai hutoa gesi. Gesi hubeba mashapo kuyapandisha juu, na ikifika kwenye kichujio hupasua tandiko la unga. Ukichuja mvinyo unaochachuka unapoteza unga, muda na mvinyo, vyote kwa mkupuo.

Ukishatulia, toa gesi iliyojificha. Koroga taratibu kwa mwiko safi dakika mbili, pumzika, rudia mara nne au tano hadi povu liishe. Fanya hivyo mvinyo ukiwa na joto la chumba. Ukiupoza kabla ya kutoa gesi, baridi huishikilia ndani, kisha itatoka yenyewe katikati ya kazi.

*Umefaulu ikiwa:* ukijaza chupa nusu, ukaziba kwa kidole na kutikisa, husikii msukumo unapoachia.

Hatua ya 2: Ujue ukungu wako

Hatua hii ndiyo mnayoiruka, ndiyo maana nitakaa hapa.

Ukungu wa mvinyo ni wa namna nyingi. Kuna chembe zinazoelea, kama hamira na nyuzi za tunda, na hizo tandiko la unga linazikamata. Kuna vitu vilivyotanda ndani ya mvinyo kama ute: pektini, wanga, protini. Hivyo ama hupita kwenye tandiko kama havijaliona, ama huliziba ndani ya dakika tano. Anayelalamika kwamba "kichujio kimekataa" ana pektini, mara tisa kati ya kumi.

Chukua mvinyo kidogo, ufanye majaribio matatu.

*Pektini.* Weka kijiko kimoja cha mvinyo kwenye glasi, ongeza vijiko vinne vya spiriti, tikisa kidogo, subiri dakika 20. Vikitokea vinyuzi au mabonge ya utelezi kama ute wa bamia, ni pektini. Mwaga, usionje: spiriti ya duka la dawa ni sumu.

*Wanga.* Dondosha tone la iodini kwenye kijiko cha mvinyo. Ikigeuka buluu nyeusi, kuna wanga. Hili ni la watu wa ndizi, hasa waliotumia ndizi ambazo hazikuiva sawasawa. Mwaga pia.

*Protini.* Chuja glasi moja kwa karatasi ya kahawa hadi upate mvinyo wenye afadhali. Tia kwenye chupa ndogo, iweke katika sufuria ya maji ya nyuzi 80 kwa saa mbili, ipoze, kisha ilaze kwenye friji. Ukungu ukizidi asubuhi, ni protini. Usilipuuze jaribio hili. Mvinyo wenye protini unaweza kung'aa jikoni kwako, halafu ukachafuka ukibebwa kwenye buti la gari Ubungo hadi Mbezi saa nane mchana.

Nanasi lina protini na pektini kiasi. Embe na papai zina pektini ya kutosha kukukatisha tamaa. Rozela ina pektini pia, hasa ikiwa ulichemsha maua; moto huitoa kwa wingi.

Dawa yake: pektini huvunjwa na kimeng'enya cha pektini, wanga huvunjwa na amilesi, kimeng'enya cha wanga. Ukivitia kabla ya kuchachusha hufanya kazi vizuri zaidi, kwa sababu kileo huvipunguza nguvu. Ukichelewa, tumia dozi ya juu ya pakiti, uache wiki nzima kwenye joto la chumba, kisha rudia jaribio la spiriti. Joto letu la nyuzi 28 au 30, ambalo kwa mambo mengi ya mvinyo ni adui, hapa linasaidia.

Zingatia mpangilio: kimeng'enya kwanza, bentonaiti baadaye. Kimeng'enya chenyewe ni protini, na bentonaiti itakishusha chini kabla hakijafanya kazi.

*Umefaulu ikiwa:* jaribio la spiriti halitoi vinyuzi, na iodini inabaki na rangi yake ya kahawia.

Hatua ya 3: Tuamisha kabla ya kuchuja

Kichujio kidogo cha nyumbani kikiletewa mashapo yote ya dumu kitaziba kabla ya lita 5. Uzito wa kazi uache kwa bentonaiti.

Bentonaiti ina chaji hasi, protini kwenye mvinyo zina chaji chanya. Zinakamatana, zinakuwa nzito, zinashuka na hamira nyingi zikiburutwa humo humo.

Andaa uji wake siku moja kabla. Pasha mililita 400 za maji hadi nyuzi 60. Nyunyizia gramu 20 za bentonaiti juu ya maji kidogo kidogo huku ukikoroga, na usifanye kinyume. Ukimwaga maji juu ya unga utapata mabonge kama ugali uliovurugika, na mabonge hayayeyuki. Funika, acha saa 24, koroga tena. Sasa kila mililita 1 ina gramu 0.05.

Usimimine ndani ya dumu kwa kukisia. Chukua chupa nne za maji za nusu lita, jaza kila moja mvinyo, kisha kwa bomba la sindano tia:

1. mililita 2.5 (sawa na gramu 0.25 kwa lita)
2. mililita 5 (gramu 0.5)
3. mililita 7.5 (gramu 0.75)
4. mililita 10 (gramu 1)

Tikisa, acha hadi kesho. Chagua dozi ndogo kuliko zote iliyotoa matokeo mazuri. Zaidi ya hapo unaondoa harufu ya tunda na kuongeza tope. Nanasi mara nyingi huniangukia kwenye chupa ya pili au ya tatu. Kwa chupa ya pili, lita 20 zinahitaji gramu 10, yaani mililita 200 za uji.

Mimina taratibu huku ukikoroga, endelea dakika tano, rudia kukoroga baada ya saa moja, kisha usiliguse dumu siku tano hadi saba. Usilihamishe hata kupisha wageni.

Mvinyo ukiwa bado una ukakasi unaokausha ulimi, kuna tanini nyingi, na hizo ni kazi ya jelatini. Yeyusha gramu 1 katika mililita 100 za maji ya nyuzi 40 hadi 50 (ukiichemsha inapoteza nguvu), jaribu mililita 2.5 na 5 kwa nusu lita kama ulivyofanya kwa bentonaiti. Jelatini hupenda baridi, kwa hiyo chupa hizo ziweke kwenye friji. Ikizidi tanini zilizopo, jelatini yenyewe inabaki ikielea na kuwa ukungu mpya. Kwa kawaida jelatini hutokana na ng'ombe au nguruwe. Ukimkaribisha mtu anayejali hilo, mwambie.

*Umefaulu ikiwa:* juu ni angavu kiasi cha kuona kidole chako upande wa pili wa chupa, na chini kuna tabaka la mashapo la sentimita chache lenye mpaka unaoonekana.

Hatua ya 4: Hamisha, poza, linda

Hamisha mvinyo wa juu kwa mpira mwembamba, ncha ikiwa sentimita tatu juu ya mashapo. Kubali kupoteza lita moja hadi moja na nusu. Tamaa ya kikombe cha mwisho ndiyo inayorudisha tope lote uliloshughulikia wiki nzima. Mimi hayo ya mwisho nayatia kwenye chupa ndefu, naiweka friji, na baada ya siku tatu napata glasi mbili za kuonja.

Tia gramu 2 za metabisalfaiti kwa lita 20. Inakupa miligramu 57 hivi za salfa dioksaidi kwa lita, kinga dhidi ya hewa. Wenye pumu wawekwe mbali na harufu yake, na waambiwe kabla ya kunywa.

Poza siku tatu. Kama friji haibebi dumu, gawa kwenye chupa za lita 5, au ziweke kwenye beseni la maji na barafu ukibadilisha asubuhi na jioni. Vitu kadhaa hujitokeza tu mvinyo ukipoa. Ukichuja wa nyuzi 30 kisha ukauweka friji, unaweza kukuta ukungu mpya siku ya sherehe. Wa zabibu huangusha pia fuwele za chumvi ya tartari. Hizo hazina madhara, ila mgeni atadhani ni vipande vya chupa.

Hatua ya 5: Jenga kichujio

Kitako cha ndoo ya lita 10 toboa matundu ya milimita 3, yakiachana sentimita moja na nusu, yote yawe ndani ya duara litakalozungukwa na mpira. Sugua makali yabaki laini. Tandaza wavu wa stenlesi. Usitumie wavu wa madirisha wala bati: chuma cha kawaida, shaba na alumini hutoa madini ndani ya kitu chenye asidi, na chuma kikizidi kinaleta ukungu wake.

Marekani mpya ina wanga wa kiwandani. Chemsha mara mbili, suuza bila sabuni, hadi maji yasiwe na harufu ya duka. Kata vipande viwili vya duara vilivyozidi kitako kwa sentimita tano kila upande, viweke pamoja, kingo zikipanda ukutani.

Sasa mpira wa inchi moja. Kata urefu unaozidi kidogo tu ule unaotosha kuzunguka ndani ya ndoo. Ndoo yangu ina kipenyo cha sentimita 22. Ukiukunja na kuuingiza unajitanua wenyewe na kubana kitambaa ukutani. Mpira huo ndio uliowashinda wengi. Bila wao mvinyo hupita pembeni mwa kitambaa, unga haujatandikika, na mtu anaandika kwamba unga ni feki.

Weka ndoo ndogo juu ya kubwa. Pitisha maji safi.

*Umefaulu ikiwa:* maji yanatoka kwenye matundu ya kitako chote kwa usawa, na hakuna michirizi kando ya ukuta.

Hatua ya 6: Tandika unga

Kipimo cha kawaida ni kilo 1 ya daiatomaiti kwa mita moja ya mraba. Kitako cha sentimita 22 kina sentimita za mraba 380, yaani gramu 38. Pima 40. Ukitumia perlaiti, anza na 25. Utapata tabaka la milimita 3 hivi, unene wa chapati nyembamba.

Vaa barakoa. Koroga gramu 40 kwenye lita 2 za maji. Weka kisahani safi juu ya kitambaa, mimina uji wote juu ya kisahani kwa mkupuo mmoja, ili usambae badala ya kuchimba shimo. Maji ya kwanza yatatoka meupe, nayo ni kawaida. Yakusanye, yarudishe juu. Yarudishe tena. Mara ya tatu au ya nne yatatoka kama maji ya kunywa.

Onja. Yakiwa na ladha ya udongo, pitisha lita nyingine mbili.

Usiache tandiko likauke. Kabla maji hayajashuka hadi kwenye unga, mvinyo uwe tayari mkononi. Tandiko likipata hewa linapasuka kama tope la kiangazi, na ufa mmoja tu unapitisha kila kitu. Funga simu. Tuma watoto dukani kabla, si wakati huo. Likipasuka huna njia ya mkato: osha kitambaa, anza upya na unga mwingine.

Wenye pampu ya kuvuta hewa, onyo ni kubwa zaidi. Mwaka mmoja nilikuwa nimepitisha lita 14 kwa pampu, umeme ukakatika mtaa mzima. Mvuto ulipokufa tandiko lililegea, na uliporudi ghafla ulilipasua. Unga na hamira vikashuka pamoja kwenye lita 14 zilizokuwa zimeshang'aa. Tangu siku hiyo lita 20 nazichuja kwa uzito wake mwenyewe. Ni polepole, lakini mvutano wa dunia haukatiki saa mbili usiku.

Hatua ya 7: Chuja

Anza alfajiri kabla joto halijapanda, mvinyo ukitoka kwenye baridi.

Changanya gramu 20 za unga ndani ya mvinyo wote, yaani gramu 1 kwa lita. Huu naita unga wa kusindikiza. Bila wao, hamira hujipanga juu ya tandiko kama utando wa plastiki na njia zinafungwa. Ukiwa nao, kila hamira inakuja na punje ya unga pembeni yake, tabaka linanenepa huku likibaki na vinyweleo. Huyu wa Kinyerezi alikuwa na unga huu tayari. Alichokosa ni tandiko la kuupokea.

Mvinyo wenye ukungu mwingi upe gramu 2 kwa lita. Koroga dumu kila unapochota, kwa sababu unga huzama.

Mimina taratibu juu ya kisahani, weka kina cha sentimita 15 hadi 20 juu ya tandiko muda wote. Nusu lita ya kwanza imechanganyika na maji, imwage. Lita mbili zinazofuata zirudishe juu bila kujali zinaonekana vipi. Baada ya hapo funika ndoo ya juu kwa mfuniko ulioegemezwa.

Kasi itaanza vizuri na kupungua. Lita 20 huchukua saa moja na nusu hadi tatu. Usibonyeze, usitikise ndoo, na usichokonoe tandiko kwa kijiko "kulifungua". Ukichokonoa umelitoboa.

Mvinyo unaodondoka hukutana na hewa. Ndiyo maana kazi hii huimalizi kesho. Rangi ya dhahabu ikianza kuelekea kahawia ya chai, hewa imezidi.

*Umefaulu ikiwa:* gizani, ukiwasha tochi ya simu upande mmoja wa glasi, mwanga unapita bila kuacha mstari wa moshi ndani. Mstari mwembamba unavumilika. Mstari mzito kama mwali wa taa ya sinema, rudi nyuma.

Ukikwama, tazama hapa

Matone yamesimama kabla ya lita 3: pektini au wanga imebaki. Usiongeze unga. Rudisha mvinyo kwenye dumu, rudi Hatua ya 2.

Unakimbia vizuri lakini una ukungu: umepita pembeni, au tandiko lina ufa. Kaza mpira, tandika upya.

Ulianza angavu, katikati ukachafuka: ulimimina kwa nguvu ukachimba shimo, au gesi imetoka. Tazama vipovu juu ya tandiko.

Umeng'aa, baada ya wiki mbili kuna ukungu: protini, au hamira imeamka. Fungua chupa moja. Ikilia, ni hamira.

Rozela, zabibu, mabibo

Rozela: punguza bentonaiti, kwa sababu inabeba rangi, na rangi ndiyo unayouza. Nisingevuka gramu 0.3 kwa lita. Vivyo hivyo kwa zabibu nyekundu za Makutupora. Zikikaa miezi michache kwenye chombo kilichojaa hadi shingoni, mara nyingi hazihitaji kichujio hata kidogo, na mimi siwachujii watu mvinyo mwekundu wakiniomba.

Mabibo, nayo ni matunda ya mkorosho siyo soko, yana tanini kuliko yote niliyotaja. Jelatini itie kwenye juisi, kabla ya kuchachusha, kwa majaribio ya chupa kama kawaida. Utaona mabonge yakishuka siku hiyohiyo. Ukisubiri hadi mvinyo, ukakasi umeshaketi.

Hatua ya 8: Chupani

Tandiko hili haliui wala halizuii vijidudu vyote. Hamira chache zitapita. Kama mvinyo ni mkavu hazina cha kula. Kama unautia sukari mwishoni, ongeza potasiamu sobeti pamoja na metabisalfaiti kwa kipimo cha pakiti. Vinginevyo, kwa joto la Dar, una chupa zitakazopasuka kabatini. Viwanda hutumia utando wa mikromita 0.45 kwa kazi hiyo. Kitambaa na unga havijifanyi utando huo.

Jaza hadi karibu na kizibo, hifadhi penye giza na ubaridi. Chupa moja iache kwenye chumba chenye joto wiki mbili iwe ya majaribio. Hizo nyingine usizigawe kabla haijapita.

Nia ikiwa ni kuuza, mambo hayaishii jikoni: kuna viwango vya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), leseni ya vileo na ushuru wa TRA (Mamlaka ya Mapato), na hivyo vinatangulia lebo nzuri.

Tandiko lililotumika likung'ute likiwa bado limelowa, ulichanganye na udongo wa bustani. Usilimwage kwenye sinki, huganda ndani ya bomba. Kitambaa kisuuze kwa maji ya moto bila sabuni, kianike juani, kikunjwe kivyake. Na ukiandikie, maana mara ya mwisho changu nilikikuta kimefungia maandazi.